Tony Bennett alijua kushambulia? Jibu kwa msomaji wa Virginia

Swali: Mwalimu, naishi Richmond, Virginia, na kazini kwetu ubishi wa mpira wa kikapu hauishi. Tangu Ryan Odom akabidhiwe timu ya Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 2025, wenzangu wanasema sasa ndiyo tutaona mpira. Eti kocha wetu wa zamani, Tony Bennett, alikuwa analaza watu usingizi, hakujua kushambulia, na ubingwa wa kitaifa wa vyuo wa 2019 ulikuwa bahati tu. Mimi nawajibu kwamba kocha hupimwa kwa ushindi, basi. Nani ana haki hapo? Na huyu mpya tumpime vipi?

Jibu: Wenzako wamekosea kuhusu 2019, na wewe umekosea kuhusu kipimo. Nianze na wao, maana kosa lao ndilo linalosikika kila kona.

Mtu akisema kocha fulani hajui kushambulia, mara nyingi ana maana kwamba ubao ulisoma 58 kwa 49 na yeye alipiga miayo. Tatizo ni kwamba ubao huchanganya mambo mawili: timu ilipata nafasi ngapi za kushambulia, na kila nafasi ilizaa nini. La kwanza ni kasi tu. Ubora wa mashambulizi uko kwenye la pili. Hizo nafasi tuziite zamu. Zamu huanza timu inapoupata mpira, na huisha inapofunga, inapoupoteza, au mpinzani anapodaka rebaundi, yaani mpira wa mtupo uliokosa kikapu. Ukikosa kikapu ukadaka rebaundi mwenyewe, hiyo bado ni zamu ileile.

Kwa kuwa timu mbili hupokezana mpira, zamu zao katika mechi moja huwa karibu sawa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Timu inayokimbia haipati zamu nyingi kuliko mpinzani wake. Ikijiongezea, na mwenzake naye ameongezewa. Kuisifu kwa pointi 85 bila kuuliza ilitumia zamu ngapi ni sawa na kumsifu dereva wa daladala kwa idadi ya safari bila kuuliza kila safari alibeba abiria wangapi.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Chukua jedwali la takwimu za mechi, tafuta mitupo yote ya kawaida iliyopigwa, toa rebaundi za kushambulia, jumlisha mara ambazo mpira ulipotea, kisha jumlisha mitupo huru baada ya kuizidisha kwa 0.475. Hiyo sehemu ya desimali ipo kwa sababu mitupo huru kwa kawaida huja miwili miwili, na mingine hufuata kikapu kilichokwisha kufungwa, kwa hiyo si kila mtupo huru unamaliza zamu.

Tuseme timu ya polepole imepiga mitupo 52, imedaka rebaundi 8 za kushambulia, imepoteza mpira mara 9, na imepata mitupo huru 14. Hizo ni zamu 60 hivi. Ikiwa imefunga pointi 68, imepata 1.13 kwa kila zamu. Usiku mwingine timu ya kasi imepiga mitupo 66, rebaundi 9, mpira umepotea mara 13, mitupo huru 16. Zamu zake ni 78 hivi. Imefunga 80, gazeti limesifu "mvua ya vikapu", lakini kwa kila zamu imepata 1.03 tu. Ile iliyofunga 68 ndiyo iliyoshambulia vizuri, na wala haikaribiani na mwenzake. Kocha Dean Smith wa North Carolina alikuwa anahesabu namna hii miongo mingi kabla Ken Pomeroy hajaanza kuweka takwimu za vyuo vyote mtandaoni, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ni mambo ya vijana wa kompyuta.

Sasa ipeleke hesabu hiyo Charlottesville, nyumbani kwa Chuo Kikuu cha Virginia. Msimu wa 2018/19, katika vyuo 353 vya daraja la kwanza, Virginia ilikuwa ya mwisho kwa kasi, zamu 60 hivi kwa mechi wakati timu ya kawaida inakwenda karibu 70. Kwa pointi za mechi ilikuwa timu ya kawaida, 70 na ushee. Lakini kwa pointi za kila zamu, ukishazingatia ubora wa wapinzani, jedwali la Pomeroy liliiweka ya pili nchi nzima, nyuma ya Gonzaga. Ya pili. Yaani timu ambayo wenzako wanasema haikujua kushambulia ilikuwa inashambulia kuliko Duke ya nyota Zion Williamson.

Ilifanyaje? Bennett alirithi kwa baba yake, Dick Bennett, mfumo wenye wachezaji wawili wa kuweka vizuizi na watatu wa kukimbia. Wale wawili wanakaa kila mmoja upande wake wa eneo la rangi lililo mbele ya kikapu, kazi yao kusimama imara. Wale watatu wanazunguka. Siku ukipata marudio ya mechi ya 2019, achana na mpira kabisa, mfuate Kyle Guy peke yake. Anatoka chini ya kikapu, anapita kwenye bega la Jack Salt, anafika pembeni, hapewi pasi. Anarudi, anapita kwa mwingine, hapewi. Beki wake sasa amegongana na watu wakubwa mara mbili na bado sekunde 15 hazijaisha. Mara ya tatu anachelewa nusu hatua, Ty Jerome anaachia pasi, na Guy anatupa akiwa ameshakaa sawa. Shabiki aliyekuwa anaangalia mpira ameona sekunde 20 za kupasiana pembeni bila jambo. Beki ana habari tofauti.

Msimu ule Bennett aliongeza pia mashambulizi ambayo mchezaji humwekea kizuizi beki wa mwenye mpira, ili Jerome na De'Andre Hunter waamue wenyewe. Kwa hiyo hata lile la kusema ni king'ang'anizi asiyebadilika silikubali.

Kuna jambo lingine ambalo takwimu za mashambulizi peke yake hazilionyeshi. Timu za Bennett zilituma watu wachache kugombea rebaundi za kushambulia. Mtupo ukiwa hewani, wengi walikuwa wameshageuka kurudi nyuma. Hiyo inapunguza pointi, kwa makusudi, ili mpinzani asipate shambulizi la kasi na akute ukuta umeshapangwa: wachezaji wamejikusanya ndani ya mstari wa kufikirika, mita 5 hivi kutoka kwenye kikapu, mmoja tu akimbana mwenye mpira. Kwa hiyo unapompima kocha wa aina hii, tafuta tofauti: amepata ngapi kwa kila zamu, ameruhusu ngapi. Kuna makocha wanaonunua ulinzi kwa pointi za mashambulizi, na bei hiyo inaweza kuwa nafuu.

Wapo pia walionunua kinyume chake. Loyola Marymount ya kocha Paul Westhead, msimu wa 1989/90, ilifunga wastani wa pointi 122.4 kwa mechi, rekodi ambayo haijaguswa. Ilikuwa inataka kutupa ndani ya sekunde saba au nane za kupata mpira. (Ukimwambia Westhead haraka haraka haina baraka, angekuonyesha ubao.) Timu ileile iliruhusu zaidi ya pointi 100 kwa mechi. Katika mashindano ya kitaifa iliifunga Michigan, bingwa mtetezi, 149 kwa 115, tena wiki mbili baada ya nyota wao Hank Gathers kuanguka uwanjani na kufariki. Kisha UNLV, chuo cha Las Vegas, ikawatoa 131 kwa 101. Ilikuwa timu nzuri mno na ya kukumbukwa. Ila ukitumia zile 122 kusema Westhead alishambulia maradufu ya Bennett, umehesabu mbio, hujahesabu mpira.

Sasa nikugeukie wewe na huo "ushindi, basi".

Machi 16, 2018, Virginia iliingia kwenye mashindano ya kitaifa ikiwa imepoteza mechi mbili tu msimu mzima, imepangwa namba 1 katika timu zote 68. Ikakutana na UMBC, chuo cha Maryland, iliyopangwa namba 16 (timu hugawanywa makundi manne, na kila kundi lina namba 1 hadi 16). Kwa wanaume, timu za namba 16 zilikuwa zimecheza na za namba 1 mara 135 na kupoteza zote 135. Mapumziko 21 kwa 21. Mwisho 74 kwa 54. Na kocha wa UMBC usiku ule ni huyuhuyu Ryan Odom mnayemngojea. Nadhani wenzako kazini wanalijua hilo vizuri, na ndiyo sababu wanatabasamu.

Kwa kipimo chako, Bennett alipaswa kufukuzwa asubuhi yake. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 8, 2019, kocha yuleyule, kwa mwendo uleule wa kinyonga, akaifunga Texas Tech 85 kwa 77 katika muda wa nyongeza na kutwaa ubingwa mjini Minneapolis. Kipimo kinachomwita mtu mzembe Machi hii na fundi Aprili ijayo kina kasoro chenyewe.

Siyo Virginia pekee. Mwaka 2023 Purdue nayo ilikuwa namba 1, ikatolewa na Fairleigh Dickinson, namba 16, kwa 63 kwa 58. Mwaka uliofuata Matt Painter aliifikisha Purdue fainali.

Mechi za mtoano ni chache na kila moja ina mambo yake. Siku ya UMBC, Virginia ilimkosa Hunter aliyeumia mkono; UMBC ikafunga mitupo ya pointi tatu 12 kati ya 24, Virginia 4 kati ya 22. Na huo ubingwa wa 2019, hebu tuwape wenzako haki yao: mechi tatu za mwisho zote zilining'inia. Dhidi ya Purdue, Jerome alikosa mtupo huru, mpira ukapigwa nyuma hadi nusu nyingine ya uwanja, Kihei Clark akaufukuza na kumpasia Mamadi Diakite, kijana wa Guinea, aliyefunga kengele ikilia na kupeleka mechi kwenye nyongeza. Dhidi ya Auburn, Guy alipewa mitupo huru mitatu zikiwa zimebaki sekunde 0.6, akafunga yote, 63 kwa 62. Mashabiki wa Auburn hadi leo wanadai Jerome alidunda mara mbili kabla ya hapo na waamuzi wakanyamaza. Kwenye fainali, Hunter alisawazisha kwa mtupo wa pointi tatu dakika ya mwisho.

Bahati ilikuwepo, na nyingi. Lakini bahati ya sekunde 0.6 haikuifanya timu kuwa ya pili nchini kwa mashambulizi katika mechi 38. Mambo hayo mawili yaandike kwenye mistari tofauti.

Kuna hoja moja ya wachambuzi ambayo ina ukweli ndani yake: timu bora ikicheza polepole, inajipunguzia zamu, na zamu zikiwa chache mnyonge ana nafasi zaidi ya kuponea chupuchupu. Kihesabu ni kweli. Ukiwa unamzidi mpinzani kwa 0.15 kila zamu, katika zamu 60 unatarajia kumzidi pointi 9, katika zamu 75 unatarajia 11. Kubahatisha nako hukua zamu zinapoongezeka, ila polepole zaidi, kwa hiyo timu bora hunufaika na mechi ndefu. Faida hiyo ipo lakini ni ndogo, labda mechi chache katika kila mia. Na kwa UMBC haielezi chochote: yule hakuponea chupuchupu, alifunga pointi 53 kipindi cha pili. Polepole haikumfungia Virginia mlango. Ulinzi wake ulivunjika na mitupo yake ikakataa.

Vivyo hivyo wanaosema timu ya polepole haiwezi kurudi mchezoni ikiachwa nyuma. Mechi ya kwanza ya mashindano ya 2019, Gardner-Webb, namba 16 nyingine, iliiacha Virginia kwa pointi 14 kipindi cha kwanza. Uwanja mzima ukaona mzimu. Virginia haikukimbia hata kidogo, ikashinda 71 kwa 56.

Ukitaka matokeo yenye uzito zaidi, acha mashindano ya Machi kwanza, angalia ligi. Katika ACC, ligi ya Virginia, timu hucheza mechi 18 au 20, nyumbani na ugenini, dhidi ya makocha wanaokujua hadi pasi ya pili. Huko Bennett alishika nafasi ya kwanza mwaka 2014, 2015, 2018, 2019, 2021 na 2023, mara nyingine kwa kugawana. Mara sita katika miaka kumi, mbele ya Duke na North Carolina zinazochagua wachezaji kabla wengine hawajaamka. Mfumo mbovu haufiki hapo.

Hata hivyo wenzako wana hoja moja ya kweli, ambayo pengine hawakuisema vizuri. Baada ya 2019, Hunter, Jerome na Guy waliondoka pamoja kwenda NBA. Msimu uliofuata Virginia ilicheza kwa kasi ileile, mfumo uleule, kocha yuleyule, na mashambulizi yakaporomoka hadi nje ya timu 200 bora kwa pointi za kila zamu. Wastani wa mechi ulishuka chini ya 60. Ulinzi uliwabeba wakashinda mechi 23 na kupoteza 7, mpaka korona ikafuta mashindano.

Huo mwaka naupenda sana kwa kufundishia, maana ni nadra kuona mtindo ukibaki palepale na wachezaji wakibadilika. Unaonyesha kwamba mtindo wa Bennett haukuwa mbovu wala haukuwa dawa. Ulidai watu wawili au watatu wenye kutupa na kuamua kabla ya kwisha sekunde 30 ambazo timu hupewa kutupa mpira. Akiwa nao, ya pili nchini. Akiwakosa, zile sekunde 20 za kuzunguka ziliishia kwa mtupo wa kulazimisha huku saa ikisoma mbili, moja. Timu ya kasi ikikosa wafungaji, angalau huokota vikapu rahisi mpinzani akiwa hajajipanga. Bennett hivyo alivikataa kwa hiari, kwa hiyo siku kavu zilikuwa kavu kweli.

Na siku kavu zilikuja. Ohio iliwatoa 2021, Furman 2023 kwa pointi moja, na Machi 2024 Colorado State iliwafunga 67 kwa 42. Ile ya mwisho ilikuwa aibu, sitaipamba. Baada ya ubingwa, Bennett hakushinda tena hata mechi moja ya mashindano ya kitaifa. Lawama yangu kwake iko hapo: kwa miaka mitano hakuwapata warithi wa akina Jerome, na hakuubadili mfumo kwa ajili ya wale aliowapata. Yeye mwenyewe alipojiuzulu Oktoba 2024, msimu ukiwa karibu kuanza, alisema zama hizi za wachezaji kuhama kila mwaka na malipo yao zinahitaji mtu wa aina nyingine. Mfumo wa kusubiriana na kujua mwenzako atatokea wapi hujengwa kwa misimu miwili mitatu ya kukaa pamoja, na siku hizi nani anakaa?

Kuchosha nako ni jambo halali, ila liitwe kwa jina lake. Mashabiki hulipa viingilio, hawalazimiki kupenda 53 kwa 49. Nusu fainali ya 2000, Wisconsin ya baba yake ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma ya Michigan State 19 kwa 17, na nakiri hata sisi tunaolipwa kuangalia tuliteseka. Mtu akisema "sikufurahia", mkubalie. Akisema "kwa hiyo hakujua kushambulia", mdai pointi za kila zamu.

Kuhusu Odom, usikubali wamsifu kwa sababu timu imefika 85, wala usimkatae kwa sababu imefungwa 80. Anakimbia zaidi, kwa hiyo namba zote mbili zitapanda zenyewe. Alipoiongoza VCU, chuo cha hapo kwenu Richmond, kutwaa mashindano ya ligi ya Atlantic 10 mwaka 2025 alikuwa na timu iliyolinda vizuri pia, na watu husahau hilo wakizungumzia kasi yake. Mechi za Novemba na Desemba dhidi ya vyuo vidogo ziache zipite. Kuanzia Januari, chukua mechi za ACC peke yake, piga ile hesabu ya zamu kwa pande zote mbili, utazame tofauti. Kama inapungua, angalia inavujia wapi kati ya mambo manne aliyoyabainisha mchambuzi wa takwimu Dean Oliver, kwa uzito huu: mitupo inaingia kiasi gani, huku ya pointi tatu ikipewa thamani yake; mpira unapotea mara ngapi; rebaundi za kushambulia; na mitupo huru. Kwa kocha wa kasi mimi huanza na la pili. Bennett alikuwa hapotezi mpira, na hiyo ndiyo bei ya kwanza ambayo timu inayokimbia hulipa. Ukiona Virginia ya sasa inaupoteza mara 14 au 15 kwa mechi na bado tofauti yake ni nzuri, ujue mitupo inaingia sana, na hapo jiulize kama itaendelea kuingia ugenini mwezi Februari.

Mpe misimu miwili, kwa kuwa mwaka wa kwanza kila kocha siku hizi anacheza na wageni watupu. Na hao wenzako, kabla hamjaendelea kubishana, waombe wakutajie timu iliyokuwa mbele ya Virginia kwa mashambulizi mwaka 2019. Jibu unalo.